Utando unaopenda maji hauzibi upesi

Kati ya 2008 na 2009, mlipuko wa mwani uitwao "wimbi jekundu" ulitapakaa katika Ghuba ya Uajemi na Ghuba ya Oman. Uliua maelfu ya tani za samaki, na baadhi ya mitambo ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari ikabidi izimwe. Kwa miji inayokunywa maji ya bahari, hilo si jambo dogo. Ute na mabaki ya mwani ni adui mkubwa wa kifaa kilicho moyoni mwa mitambo mingi ya aina hiyo: utando wa polima.

Utando huo una matabaka matatu. Chini kuna kitambaa cha poliesta, katikati tabaka la polisalfoni lenye matundu kama sifongo, na juu ngozi ya poliamaidi yenye unene wa nanometa 100 hadi 200 hivi. Unywele wa binadamu una takriban nanometa 80,000. Muundo huu ulitokana na kazi ya mkemia wa Marekani, John Cadotte, katika miaka ya 1970. Pampu husukuma maji ya bahari kwa shinikizo linalozidi mara 50 lile la hewa tunayovuta. Maji hupenya, chumvi karibu yote hubaki.

Tatizo ni kwamba chumvi haiji peke yake. Polima nyingi za kuchujia, polisalfoni ikiwemo, kwa asili hazipendi maji, na kisichopenda maji hukumbatia mafuta na protini. Kila aliyeosha bakuli la plastiki lililotiwa mchuzi anaijua tabia hiyo. Poliamaidi huvumilia maji zaidi, lakini uso wake una mikunjo na chaji za umeme ambazo kalsiamu ya baharini huzitumia kunasa uchafu. Uchafu wa kwanza ukishanata, bakteria hutua juu yake, huzaana na kujifunika kwa ute.

Hapo mtiririko hupungua, pampu hudai umeme zaidi, na mafundi huosha utando kwa kemikali ambazo nazo huuzeesha. Klorini ingeua bakteria, lakini huvunja poliamaidi. Kwa hiyo mitambo inayoitumia huiondoa majini kabla hayajafika kwenye utando, na vijidudu vilivyosalimika hupata upenyo.

Ndiyo maana watafiti wameelekeza nguvu kwenye uso wa utando. Lengo ni kuufanya ushike maji kwa nguvu kiasi kwamba uchafu ukifika ukute nafasi imeshachukuliwa. Njia ya kwanza ni kuchanganya: polima inayopenda maji huongezwa wakati utando unatengenezwa. Nyuzi nyingi za kusafishia damu ya wagonjwa wa figo ni polisalfoni iliyochanganywa hivyo, ili protini za damu zisinate kwa wingi. Njia ya pili ni kupandikiza: mwanga wa urujuanimno au plazma huamsha uso, kisha minyororo ya polima huoteshwa juu yake. Minyororo inayosifiwa sana ni ile yenye chaji chanya na hasi pamoja, kwa kuwa huvuta maji kwa nguvu.

Njia ya tatu ni kupaka. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani, wakiiga gundi ambayo kome hujishikizia miambani, walionyesha kwamba dopamini ikiyeyushwa katika maji yenye alkali kidogo huunda ngozi nyembamba juu ya karibu kitu chochote.

Kila njia ina gharama. Tabaka la ziada linaweza kupunguza maji yanayopita tangu siku ya kwanza. Polima iliyochanganywa inaweza kuchuruzika taratibu. Chembe za madini ya fedha, ambazo baadhi ya watafiti huzitia kwenye utando, huua bakteria, lakini maiti zao zikibaki usoni huwa chakula na makao ya wengine, na fedha yenyewe huisha.

Kwa hiyo utando mpya usihukumiwe kwa wingi wa maji unaotoa saa ya kwanza maabara. Upimwe kwa maji halisi ya bahari, kwa miezi, na swali liwe: ukichafuka na kuoshwa mara nyingi, unarudisha kiasi gani cha mtiririko wake? Na hata utando bora utahitaji maji yaliyochujwa vizuri kabla ya kuufikia. Mwani ukija kwa wingi, kinga ya kwanza bado ni kichujio cha mchanga, dawa ya kugandisha uchafu, na fundi anayejua lini afunge bomba.