Je, Wajua? Mvinyo wa Buluu na Daktari wa Birmingham

Je, wajua kwamba mvinyo wa buluu hautokani na zabibu za buluu? Ule maarufu, Gïk, ulitolewa mwaka 2015 na vijana wa Basque nchini Hispania, wasio na uzoefu wowote wa kutengeneza mvinyo. Walichanganya mweupe na mwekundu, kisha rangi: anthosianini ya maganda ya zabibu pamoja na nili ya kiwandani.

Je, wajua kwamba serikali yao iliwatoza faini? Kinywaji hakikuwa na sumu. Sheria tu haikutambua mvinyo wa rangi hiyo. Wakaongeza asilimia 1 ya maji ya zabibu, wakafuta neno mvinyo kwenye chupa, biashara ikaendelea. Ujanja mtupu, ingawa mnunuzi angalau aliambiwa kilichomo.

Je, wajua kwamba haki hiyo ya kuambiwa ilipiganiwa sana na daktari wa Birmingham? John Postgate alikuwa mpasuaji mjini humo. Enzi hizo mkate ulitiwa shabu, peremende zilitiwa rangi za risasi, na mvinyo hafifu ulikolezwa wekundu kwa matunda ya porini. Mwaka 1854 Postgate alimwendea William Scholefield, mbunge wa Birmingham. Mwaka uliofuata Bunge likaunda kamati ya uchunguzi. Sheria ya kwanza ilipita 1860, nayo ilikuwa dhaifu: kuajiri mkemia wa kupima vyakula lilikuwa jambo la hiari, na halmashauri nyingi hazikujisumbua. Meno yalikuja na sheria za 1872 na 1875. Postgate alifariki 1881, na leo wanaomkumbuka ni wachache kuliko anavyostahili.

Je, wajua kwamba mji huohuo ndio uliozaa kastadi ya unga? Alfred Bird, mkemia, aliibuni 1837 kwa sababu mkewe hakuweza kula mayai. Njano tele, yai hakuna! Kiwanda cha Bird huko Digbeth sasa ni mahali pa sanaa, maduka na baa.

Je, wajua kwamba mvinyo wa rangi ya chungwa nao hauna chungwa? Ni zabibu nyeupe zilizochachuka pamoja na maganda yake. Wageorgia huutengeneza katika mitungi iliyofukiwa ardhini, utaratibu ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi mwaka 2013.

Je, wajua kwamba macho huudanganya ulimi? Huko Bordeaux, wanafunzi 54 wa mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Wakaueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Matokeo yalichapishwa 2001.

Je, wajua kwamba hata usiyekunywa pombe unaweza kuona kemia ya rangi hizi jikoni? Tia magadi kidogo katika juisi ya rozela: wekundu utageuka kuwa buluu au kijani. Kamulia ndimu, wekundu utarudi. Ni anthosianini ileile.

Ukikutana na chupa ya buluu dukani, usiishie mbele. Igeuze usome maandishi madogo: E163 ni anthosianini, E132 ni nili ya kiwandani. Isipoandikwa chochote, irudishe rafuni.