Jarida la Wanafunzi Lisiogopwe

Mwezi wa Novemba 1969 wanafunzi wachache wa Mlimani, Dar es Salaam, walizipiga taipu makala zao juu ya stensili, wakazirudufu, wakazipanga kurasa kwa mikono yao wenyewe na kuziuza kwa wenzao kwa bei ndogo. Jarida lao wakaliita Cheche. Halikuwa na picha za kupendeza, halikuwa na matangazo ya biashara, wala halikuwa na mfadhili. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 1970, lilipigwa marufuku pamoja na chama cha wanafunzi kilicholianzisha. Zaidi ya nusu karne imepita tangu hapo, na hata leo mwenye kuandika historia ya fikra katika Afrika ya Mashariki hawezi kulipita jarida hilo bila ya kulitaja.

Twaona yafaa tujiulize: kitu kidogo namna ile kilipata wapi nguvu zake? Tena sisi wa visiwani, ambao vijana wetu nao sasa wana vyuo vikuu hapa hapa nyumbani, tuna somo gani la kulichukua humo?

Kwanza lazima tukumbuke zama zenyewe. Mwezi wa Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo hicho hicho waliandamana hadi Ikulu kuyapinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Walijiona wateule, na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao kwa mamia. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha. Chuo kilichokuwa kikilea watu wa kutafuta vyeo kikaanza kuulizwa kinamtumikia nani. Katika mwaka huo wa 1967 ndipo baadhi ya wanafunzi walipounda umoja wao wa kimapinduzi, ujulikanao kwa kifupi USARF, na mwenyekiti wake akawa kijana kutoka Uganda, Yoweri Museveni. Walisoma pamoja nje ya saa za darasa, wakajadiliana hadi usiku, na baadhi yao wakavuka mpaka kuingia Msumbiji kujionea wenyewe sehemu zilizokombolewa na FRELIMO. Cheche ilizaliwa humo. Wahariri wake, miongoni mwao Karim Hirji, Henry Mapolu na Zakia Meghji, walikuwa wanafunzi waliokuwa na mitihani yao ya kufanya kama wengine wote.

Jambo lililolipa jarida hilo uzito ni kwamba halikutosheka kukariri yaliyosemwa na wakubwa. Lilichukua maneno ya Azimio na kuyapima kwa hesabu na ushahidi. Septemba 1970 lilitoa toleo maalumu lenye uchunguzi mrefu wa Issa Shivji kuhusu mapambano ya kitabaka yasiyo na kelele nchini Tanzania. Shivji aliuliza swali ambalo mtumishi yeyote wa Serikali angepaswa kulifurahia, hata kama jibu lake lingemkera: ikiwa mabenki na makampuni yametaifishwa, nani hasa anayeyaendesha, kwa mikataba gani, na faida inakwenda wapi? Wasomi wengine wakalichukua swali hilo, wengine kumuunga mkono, wengine kumpinga. Mwaka 1976 uchunguzi huo ulikuwa umekua ukawa kitabu kamili. Kitabu hicho chanzo chake ni karatasi zile zilizorudufiwa na wanafunzi.

Wakati huo huo alikuwapo chuoni mwanahistoria kutoka Guyana, Walter Rodney, naye alikuwa miongoni mwa walioandika katika Cheche. Desemba 1969 Rodney alitoa maneno makali juu ya viongozi wa Afrika, nalo gazeti la The Nationalist, lililokuwa gazeti la TANU, likamjibu kwa tahariri kali isiyomwonea haya. Rodney akajibu kwa barua katika gazeti hilo hilo. Mambo yakaishia hapo. Hakufukuzwa nchini, aliendelea kufundisha Mlimani hadi mwaka 1974, na kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilichapishwa mwaka 1972 na shirika la uchapishaji la Tanzania pamoja na wachapishaji wa London. Twalitaja tukio hili kwa kusudi. Kalamu ilijibiwa kwa kalamu, msomaji akazisoma pande zote mbili na kuamua mwenyewe. Serikali haikutetereka, na heshima ya nchi ilizidi.

Miezi kumi na moja baadaye njia hiyo iliachwa. Wahariri wa Cheche waliambiwa kwamba jina la jarida lao limeigwa kutoka kwa Warusi, kwa kuwa Lenin naye aliwahi kuwa na gazeti lenye jina la maana hiyo, na kwamba chama chao hakihitajiki maadamu Umoja wa Vijana wa TANU upo chuoni. Hatutaki kuwahukumu waliofanya uamuzi huo kana kwamba hawakuwa na hofu za kweli. Nchi ilikuwa changa. Mreno alikuwa bado ng'ambo ya Ruvuma. Mwezi ule ule wa Novemba 1970 Guinea ilivamiwa kutoka baharini, na Januari 1971 Idi Amin akaipindua Serikali ya Uganda. Mwenye nyumba anaposikia hatua usiku, haulizi kwanza kama ni jirani.

Hata hivyo, tazameni kilichofuata. Februari 1971, miezi mitatu tu baada ya marufuku ile, TANU yenyewe ilitoa Mwongozo wake. Ndani yake viongozi walikemewa kwa ubwana na dharau kwa wale wanaowaongoza, na wafanyakazi wakatambuliwa kuwa na haki ya kushirikishwa katika mambo yanayowahusu. Hatudai kwamba Mwongozo ulitokana na Cheche. Matukio ya Guinea na Uganda ndiyo yaliyousukuma zaidi. Twasema tu kwamba maradhi waliyoyaona vijana yalikuwa maradhi ya kweli, hata chama kilichowanyamazisha kikalazimika kuyataja kwa jina. Wangaliachwa waendelee, Serikali ingalikuwa na jicho moja zaidi, tena lisiloomba mshahara.

Wala marufuku haikuwanyamazisha. Mwaka 1971 vijana walewale walianza kutoa jarida jingine, MajiMaji, safari hii chini ya Umoja wa Vijana wa TANU, na mjadala ukaendelea pale ulipokatizwa. Waliopitia duru ile wakatawanyika. Shivji akawa profesa wa sheria ambaye vizazi vya wanasheria vimepita mikononi mwake. Hirji akawa profesa wa takwimu za tiba, na baada ya takriban miaka 40 akahariri kitabu cha kumbukumbu za jarida lao. Bibi Meghji akawa waziri, na mwaka 2006 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza Wizara ya Fedha ya Tanzania. Museveni ameitawala Uganda tangu mwaka 1986, na wapo waonao kuwa urais wake umekwenda mbali sana na mafunzo ya ujana wake. Jarida halitoi malaika. Hutoa watu waliozoea kuandika hoja, kupingwa mbele ya wenzao, na kurudi tena kuitetea au kuiacha.

Huo ndio ushawishi tunaouzungumzia. Haupimwi kwa idadi ya nakala. Hupimwa kwa mazoea yanayobaki: kwamba mtu akitoa neno zito lazima alete na ushahidi, kwamba mhariri ana haki ya kumrudishia rafiki yake makala yenye kasoro, kwamba kupingwa si kutukanwa. Mazoea hayo ni sehemu ya utamaduni wa taifa sawa na ngoma na mashairi, na hayafundishiki kwa mihadhara peke yake.

Pamoja na sifa zote hizo, Cheche ilikuwa na upungufu mmoja ambao sisi wenye Kiswahili hatuwezi kuufumbia macho. Jina lake lilikuwa la Kiswahili, lakini makala zake kubwa ziliandikwa kwa Kiingereza. Ilimtetea mkulima na mfanyakazi kwa lugha ambayo wengi wao hawakuweza kuisoma. Mwaka ule ule wa 1969 kijana mwingine wa Mlimani, Ebrahim Hussein kutoka Kilwa, alichapisha tamthilia yake ya Kinjeketile juu ya Vita vya Maji Maji. Yeye naye aliuliza maswali mazito: imani inawezaje kuwaunganisha watu, na inawezaje kuwaangamiza? Aliyauliza kwa Kiswahili. Tamthilia hiyo ikaingia maskulini, ikachezwa majukwaani, ikasomwa na watoto wa watu wasiowahi kukanyaga chuo chochote. Cheche leo hutafutwa na watafiti katika maktaba. Kinjeketile ingali ikijulikana kwa walimu na wanafunzi wa mbali. Basi ikiwa kosa la wakubwa lilikuwa kulizima jarida, kosa la vijana lilikuwa kuwasha taa ndani ya chumba walimokuwa wao tu.

Hapo ndipo visiwa vyetu vinapoingia. Kiswahili sanifu kinachoandikwa leo kutoka Lamu hadi Lubumbashi kimejengwa juu ya lahaja ya Kiunguja, iliyochaguliwa katika mkutano wa Mombasa mwaka 1928. Tangu miaka ya 1920 walimu wa Unguja walikuwa na jarida lao, Mazungumzo ya Walimu, walimoandikiana kwa lugha hiyo juu ya kazi yao, desturi zao na historia ya nchi yao. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba jarida la wasomi kwa Kiswahili ni jambo geni kwetu. Geni ni kuliacha. Leo tunacho Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1999, na Kiswahili ni miongoni mwa masomo yake makubwa. Vijana wanaosoma humo wanaijua bei ya karafuu Pemba, wanajua samaki walivyopungua kwenye dago, wanajua mama zao wanavyolipwa kwa kilo ya mwani, na wanajua ni ardhi gani ya pwani iliyogeuka hoteli. Maswali ya Shivji ya mwaka 1970, yaani nani anaendesha, kwa mkataba gani, na faida inakwenda wapi, yanaweza kuulizwa juu ya kila kimoja katika hivyo.

Atatokea mtu aseme: vijana wa sasa wana simu, wanaandika kila saa, jarida la nini? Twamjibu kwamba kusema na kuandika jarida si kitu kimoja. Katika simu mtu husema na kuondoka. Katika jarida hungoja mwezi mzima, makala yake husomwa na wenzake kabla ya kutoka, jina lake huwekwa chini yake, na toleo linalofuata humletea jibu. Kijana anayelelewa hivyo hatokuwa mwepesi wa kueneza uvumi, maana atakuwa ameionja gharama ya neno.

Kwa wakuu wetu wa Serikali tuna maombi matatu. La kwanza, wakuu wa vyuo wasiachwe na hofu kwamba watalaumiwa kwa kila sentensi iliyoandikwa na mwanafunzi. Waambiwe wazi kwamba wanaruhusiwa kulea majarida, na waliyoyalea yasikatwe kwa simu moja kutoka afisini. La pili, makala ikimgusa mkurugenzi wa idara, mkurugenzi ajibu kwa makala. Anazo takwimu, anayo mafaili, anao wasaidizi. Haimpasi kumwogopa kijana wa miaka 22. Mfano wa Desemba 1969 upo, nao ni mfano wa Serikali, si wa wapinzani wake. La tatu, nakala zifike katika maktaba za skuli za Unguja na Pemba, ili yaandikwayo chuoni yasiishie chuoni.

Kwa wanafunzi nao tuna neno. Uhuru wa kuandika hauombwi kwa maandishi ya ovyo. Chunguzeni kabla ya kulaumu, mtajeni mtu kwa ushahidi, na mkikosea sahihisheni kwa herufi kubwa zile zile mlizokosea nazo. Andikeni kwa lugha ambayo baba zenu watazungumza juu yake mabarazani, na mama zenu wataielewa bila ya kutafsiriwa. Kama mnataka kuwatetea wavuvi, wavuvi wenyewe wawe wa kwanza kuwasahihisha.

Wazee walisema moto hauzai moto, huzaa jivu. Tumeona kwamba Cheche ilizimwa na bado haikuacha jivu tupu. Lakini haifai tujivunie ujasiri wa moto huku tukisahau hasara ya kuuzima: miaka iliyopotea, maswali yaliyocheleweshwa, na waandishi wengine ambao hatutawajua kamwe kwa sababu hawakupata pa kuanzia. Visiwa vidogo kama vyetu haviwezi kumudu hasara ya namna hiyo mara mbili.