Kabla ya Kumwaga Zege, Pimeni Udongo

Ardhi tupu katikati ya mji huwa na sababu ya kuwa tupu. Ukiona ekari kadhaa zimebaki wazi huku nyumba zimebanana pande zote, uliza kwanza palikuwa na nini: kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, kiwanda cha ngozi, bohari ya mafuta, karakana ya reli, au dampo la zamani. Maeneo kama hayo ndiyo yanayomezewa mate na wanaopanga nyumba za bei nafuu, na hawana kosa. Maji na umeme vimeshafika, daladala au matatu hupita jirani, na bei ya kiwanja haitishi. Mimi nataka yajengwe. Ninachokipinga ni kujenga kwanza na kupima baadaye, kwa sababu gharama ya kusafisha udongo haifutiki kwa kutotajwa. Huhamia kwenye damu ya watoto watakaoishi pale.

Mfano ninaourejea mara nyingi ni wa East Chicago, mji wa viwanda katika jimbo la Indiana, Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulijengwa hapo mtaa wa West Calumet, nyumba 346 za watu wa kipato cha chini, juu ya uwanja uliokuwa na kiwanda cha kusafisha madini ya risasi. Familia zikahamia, watoto wakazaliwa, bustani zikalimwa. Mwaka 2009 eneo hilo likaingizwa katika orodha ya taifa ya maeneo yaliyochafuka vibaya zaidi, lakini wakazi waliendelea kukaa humo hadi Julai 2016, meya alipowaandikia barua kuwataka watafute pengine pa kuishi. Walikuwa zaidi ya watu 1,000, wengi wao watoto. Mwaka 2018 majengo yakabomolewa. Nyumba zilizojengwa ili kuwasitiri maskini ziliwaweka juu ya sumu kwa zaidi ya miaka 40, kisha zikawaacha bila makazi.

Huku kwetu tuna Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 kule Mikindani, Mombasa. Kuanzia 2007 kiwanda kilichopakana nao kiliyeyusha betri za magari ili kupata risasi. Moshi ulitua juu ya mabati, maji machafu yakapita kati ya nyumba. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, aligundua kwamba mwanawe mchanga ana risasi mwilini, akawaongoza wakazi kudai kifungwe. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman. Kiwanda kilikoma 2014. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na udongo na maji visafishwe ndani ya miezi minne, la sivyo zitolewe shilingi milioni 700 kwa kazi hiyo. Rufaa zikafuata, na ni Desemba 2024 tu ndipo Mahakama ya Juu ilipoirejesha hukumu ile. Tangu kiwanda kifungwe hadi neno la mwisho la mahakama ilipita miaka 10, na muda wote huo watoto walicheza kwenye vumbi lilelile.

Risasi haiozi wala haiyeyuki na mvua ikaondoka. Hunata kwenye chembe za mfinyanzi na mboji, hivyo ile iliyotua kwa moshi na vumbi hubaki katika sentimita chache za juu, pale pale mtoto anapotambaa na kutia vidole mdomoni. Utumbo wa mtoto mdogo unaweza kufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya wa mtu mzima kwa kiasi kilekile kilichomezwa. Kinachoharibika ni ubongo unaokua: uwezo wa kujifunza na kutulia, na hasara hiyo hairudishwi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Marekani kwa miaka mingi ilichukua miligramu 400 za risasi kwa kilo ya udongo wa makazi kuwa mpaka wa kuchukua hatua. Mwaka 2024 ikaushusha hadi 200. Katika baadhi ya yadi za West Calumet vipimo vilipita 1,200.

Dawa za kutoa risasi mwilini zipo, lakini haziwezi kutangulia usafi wa ua. Mwaka 2010 kule Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, mamia ya watoto walikufa kwa vumbi la risasi lililotokana na kuchakata dhahabu majumbani. Wataalamu walianza kwa kukwangua udongo wa juu, nyumba kwa nyumba, na kuweka udongo safi. Mtoto akitibiwa kisha akarudi kwenye ua mchafu, risasi inaingia upya.

Kupima kwenyewe hakuhitaji mitambo mikubwa. Huanza na wazee wa mtaa, walinzi wa zamani na mafundi waliostaafu, maana hao ndio wanaojua asidi ilimwagwa wapi na majivu yalifukiwa upande gani. Kisha eneo hugawanywa kwa miraba, na sampuli huchukuliwa kwa tabaka: juu kabisa, kina cha kiganja, kisha mita moja na kuendelea palipojazwa kifusi. Kwa risasi tuna kifaa cha miale ya eksi kinachoshikwa mkononi kama bastola. Unakigusisha kwenye udongo uliokaushwa na kuchekechwa, na baada ya dakika moja hivi namba inasomeka. Udongo ukiwa na maji namba hushuka na kudanganya, hivyo kupima siku ya mvua ni kazi bure, na sehemu ya sampuli lazima iende maabara kuhakikiwa. Chini ya ukingo wa paa la bati, maji ya mvua yanapodondokea, namba inaweza kuruka. Hatua tano kando ikashuka kabisa. Tofauti hiyo ya hatua tano ndiyo inayookoa fedha, kwa sababu unachimba palipochafuka badala ya kiwanja kizima.

Kila sumu ina njia yake. Petroli iliyovuja kwenye sheli ya zamani huteremka hadi kwenye maji ya chini, na mvuke wake, wenye benzini inayosababisha saratani, hupanda tena kupitia nyufa za sakafu hadi chumbani. Kromiamu ya viwanda vya ngozi, ikiwa katika umbo lake la sumu kali, husafiri na maji hadi kisimani. Anayepima risasi peke yake mahali palipokuwa na matangi ya mafuta hajapima kitu.

Katika kusafisha, njia ya uhakika zaidi kwa risasi ni kuchimba na kuhamisha, mradi udongo huo upelekwe kwenye jalala lililojengwa kuuhifadhi. Lori likiumwaga bondeni pembeni mwa mji, sumu imebadilishiwa mtaa tu. Fosfati huweza kuishika risasi isifyonzwe kwa urahisi tumboni, lakini palipo na aseniki fosfati hiyohiyo huifungulia aseniki njia. Kuhusu alizeti na mimea mingine inayosifiwa kwamba hunyonya risasi, nasema wazi: ni polepole mno kwa kiwanja kinachosubiriwa na watu wasio na nyumba.

Udongo mwingi uliochafuka unaweza kuoshwa na kurudishwa. Huko Stratford, mashariki mwa London, bustani ya Olimpiki ya 2012 ilijengwa juu ya ardhi ya viwanda iliyochakaa. Mitambo ya kuosha udongo iliwekwa palepale, na takriban asilimia 80 ya udongo uliochimbwa ulitumika tena. Kijiji cha wanamichezo kikageuzwa nyumba 2,818, karibu nusu zikiwa za bei nafuu. Hilo liliwezekana kwa kuwa gharama ya kusafisha ilikuwa kwenye bajeti ya umma kabla ya msingi kuchimbwa. Kwetu bajeti hiyo ikatwe kwenye bei ya kiwanja wakati wa kununua, na aliyechafua, akijulikana, alipe.

Mara nyingi fedha hazitatosha kuondoa kila kitu, na mhandisi atapendekeza kuifunika sumu kwa kitambaa cha alama, udongo safi na zege. Naikubali njia hiyo kwa shingo upande, kwa sababu najua miji yetu: mwaka wa tatu mtu anachimba shimo la choo, mwingine kisima, mwingine anapanua nyumba, na kilichozikwa kinarudi juu. Kwa hiyo ramani ya kilichobaki chini, pamoja na kina kisichoruhusiwa kuchimbwa, iambatanishwe na hati ya kila nyumba na inakiliwe ofisi ya mtaa, ili fundi atakayeitwa kuchimba aoneshwe kabla hajashika sururu.