Bili ya Baridi: Hesabu ya Kiangazi kwa Wapangaji wa Dubai

Upepo wa kusi unapovuma Mombasa, na akina mama wanapowavisha watoto sweta kabla ya kutoka asubuhi, ndugu zetu walioko ng'ambo ya bahari huingia katika miezi yao mizito. Dubai, tangu Juni hadi Septemba, joto la mchana hupanda zaidi ya nyuzi 40, na usiku nao hukaa karibu na nyuzi 30 pamoja na unyevu wa Ghuba. Serikali ya huko imekataza kazi za juani baina ya saa sita u nusu mchana na saa tisa alasiri, kuanzia tarehe 15 Juni hadi 15 Septemba. Mji wa namna hiyo hauna usingizi wa dirisha wazi na feni ya dari kama tuujuavyo sisi. Kiyoyozi huko ni sawa na maji ya kunywa. Na kama maji, hulipiwa kwa mita.

Nyumba nyingi za pwani hazikioni kiangazi hicho, lakini athari yake huzifikia. Zile pesa zilizozoea kuingia mwisho wa mwezi hupungua Julai, hupungua zaidi Agosti, kisha Novemba hurudi kana kwamba hapakuwa na jambo. Mume huona haya kueleza kwamba mshahara umeliwa na kiyoyozi. Mke huona vibaya kuuliza. Na mama mkwe, kwa upande wake, huwa ana tafsiri yake tayari. Mengi ya maneno haya yangezuilika lau hesabu ingefanywa mapema na kujulikana pande zote mbili za bahari.

Tunamwandikia hasa mpangaji: kijana aliyechoka na kitanda cha kupanga katika chumba cha watu sita na sasa anatafuta nyumba yake, na bi harusi anayejiandaa kumfuata mumewe. Dada anayeishi kwa mwajiri wake hana bili hii, ingawa huenda akatumwa kuizima na kuiwasha baridi mara kumi kwa siku.

Swali la kwanza si kodi ya nyumba ni kiasi gani. Swali la kwanza ni nani anayelipa baridi. Dubai kuna njia mbili kubwa. Katika majengo ya zamani, kama mengi ya Deira na Bur Dubai, kila chumba kina kiyoyozi chake, na umeme wake hupita katika mita ya mpangaji na kuingia katika bili ya Mamlaka ya Umeme na Maji, iitwayo DEWA. Katika majengo mengi mapya hakuna kiyoyozi cha ukutani. Maji baridi hutoka katika mtambo mkubwa wa kampuni ya mtaa mzima, hupita kwa mabomba chini ya ardhi, na mpangaji hupokea bili ya pili kutoka kwa kampuni hiyo, mbali na ile ya umeme. Mtambo huo wenyeji huuita chila. Msomaji wetu asije akadhani ni zile chila za mchele tunazomimina asubuhi. Hii haina tui wala iliki, na bei yake ni nyingine kabisa.

Basi dalali akisema nyumba ni ya "chila bure", maana yake ni kwamba mwenye nyumba ndiye anayelipa ile bili ya pili. Akinyamaza, maana yake mara nyingi ni kwamba utalipa wewe. Na hata aliposema, neno lisilo ndani ya mkataba ni upepo mtupu. Tumeona watu wakisoma kwa makini idadi ya hundi za kodi na tarehe zake, kisha wakapita mstari wa baridi bila kuutazama.

Tuanze na hesabu ya njia ya kwanza, maana ni nyepesi na yaweza kufanywa hata nyuma ya bahasha. Chukua nguvu ya kiyoyozi kwa kilowati, izidishe kwa saa ambazo kompresa inafanya kazi kwa siku, kisha kwa siku za mwezi. Jibu ni yuniti. Kiyoyozi cha tani moja na nusu, kisicho kipya sana, tukikadirie kilowati 1.8. Hata kikiwa wazi usiku na mchana, kompresa hukata na kuwaka. Kwa mwezi wa Agosti tuipe saa 12 kwa siku. Vyumba viwili, sebule na chumba cha kulala, vitakula yuniti 43 kwa siku, na kwa siku 31 ni yuniti kama 1,340.

Bei ya DEWA kwa makazi hupanda kwa ngazi. Yuniti 2,000 za mwanzo katika mwezi ni filsi 23 kila moja. Kutoka hapo hadi 4,000 ni filsi 28. Hadi 6,000 ni filsi 32. Na zaidi ya hapo ni filsi 38. Juu yake huongezwa malipo ya mafuta ya kuzalishia umeme, ambayo hubadilika. Kwa mfano wetu tuyaweke filsi 6. Kisha ushuru wa VAT, asilimia 5. Kwa hiyo yuniti moja ya ngazi ya chini humfikia mpangaji kwa filsi 30 na nusu hivi, na viyoyozi vyetu viwili vitagharimu karibu dirhamu 408 kwa Agosti. Ukihesabu dirhamu kwa shilingi 35, ni kama shilingi 14,300, kabla hujawasha taa wala jokofu. Zingatia zile ngazi: familia mbili au tatu zinazogawana nyumba kubwa kwa mita moja hudhani zimepunguza gharama, kumbe zimepandishana hadi filsi 28 au 32.

Njia ya pili inahitaji maelezo zaidi, na ndiyo inayowashangaza wengi. Baridi ya mtambo hupimwa kwa tani. Kipimo hiki ni cha tangu enzi za barafu: tani moja ni baridi itolewayo na tani moja ya barafu ikiyeyuka kwa muda wa saa 24. Kampuni hutoza mara mbili. Kwanza ni malipo ya kudumu kwa ajili ya tani zilizotengewa nyumba yako, utumie usitumie. Pili ni malipo ya baridi uliyoitumia, kwa kila tani kwa saa. Empower, iliyo kubwa miongoni mwa kampuni hizi, imekuwa ikitoza dirhamu 750 kwa tani kwa mwaka kwa lile la kwanza, na filsi 56.8 kwa tani kwa saa kwa lile la pili.

Tuchukue nyumba ileile, vyumba viwili, tani tatu, saa 12 za Agosti. Matumizi ni dirhamu 634. Malipo ya kudumu, yakigawanywa kwa miezi 12, ni dirhamu 187 na nusu. Ongeza VAT, na bili imefika dirhamu 862, takriban shilingi 30,000. Ni zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza, kwa baridi ileile. Haki ya kusema ni kwamba mtambo hauleti kelele, wala mpangaji hasumbuki na kompresa iliyokufa. Lakini mfuko hausikii kelele.

Hapo ndipo twapata kosa la kawaida la wageni: mtu huhamia Januari, wakati Dubai ina hewa ya kupendeza, huona bili ndogo, na hupanga maisha yake kwa bili hiyo. Mwingine hukosea upande wa pili, akachukua bili ya Agosti na kuizidisha kwa 12, akaogopa bure. Kwa makadirio ya nyumbani sisi twapendelea hivi: miezi mitano ihesabiwe kama Agosti, minne kwa nusu yake, na mitatu bila kitu. Kwa nyumba yetu ya mtambo, matumizi ya mwaka yatakuwa dirhamu 4,438. Ongeza 2,250 za kudumu na VAT, jumla ni kama dirhamu 7,000. Kwa nyumba ya viyoyozi vya ukutani ni kama 2,850.

Sasa linganisha. Nyumba moja kodi yake ni dirhamu 60,000 kwa mwaka na chila ni juu yako. Nyingine, sawa nayo kwa ukubwa, ni 65,000 na chila bure. Wengi wataikimbilia ya 60,000. Kumbe ukichanganya yote, hii ya 65,000 ndiyo nafuu, kwa zaidi ya dirhamu 1,700, ambazo kwa nyumba ya Mombasa au Malindi ni karo ya mtoto. Sharti ni kwamba mkataba utaje malipo yote mawili, ya kudumu na ya matumizi. Kuna majengo ambayo mwenye nyumba hubeba moja tu na kulinyamazia la pili.

Kuna tarakimu nyingine katika bili ya DEWA inayoleta ugomvi usiostahili. Serikali ya mji hutoza wapangaji ada ya makazi, asilimia 5 ya kodi ya mwaka, na huigawanya kwa miezi 12 ndani ya bili ileile ya umeme na maji. Kwa kodi ya 60,000 ni dirhamu 250 kila mwezi. Haihusiani na kiyoyozi hata kidogo, na kuzima taa hakuipunguzi. Mke anayeonyeshwa bili kwa simu na kuona jumla kubwa asikimbilie kusema kwamba kuna wageni wanaolala hapo. Na asome mistari yote kwanza.

Twende sasa kwenye jambo linalozigusa familia zetu zaidi. Shule zetu hufunga Aprili, Agosti, na mwisho wa mwaka, na likizo ya Agosti ndiyo ambayo wengi huichagua kwenda kumtembelea baba. Ni mwezi mbaya kuliko yote kwa hesabu hii. Baba akiwa peke yake huzima kiyoyozi cha sebuleni akienda kazini, na baridi hutumika usiku tu. Mama na watoto wanne wakifika, hakuna atakayetoka nje mchana. Vyumba vyote hupozwa tangu alfajiri hadi alfajiri, mlango hufunguliwa na kufungwa, na jiko huwaka mara tatu. Likizo ya Novemba na Disemba huwa na hewa ya kutembea, watoto huona bahari na bustani, na baridi huzimwa. Kama safari haina budi kuwa ya Agosti, basi nauli isihesabiwe peke yake.

Kinyume chake pia kipo. Baba akija Mombasa Julai nzima, yale malipo ya kudumu ya mtambo yatamfuata. Nyumba tupu nayo hulipa.

Kuhusu nyumba yenyewe, watu wa kale wa Ghuba walijenga kuta nene na minara ya kunasa upepo, ambayo bado imesimama katika mtaa wa Al Fahidi; na mapaa yao yalibebwa na boriti za mikoko, nyingi zikitoka kwetu Lamu na kule Rufiji, hata upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti. Nyumba za leo ni vioo. Kwa hiyo mpangaji atazame dirisha kubwa linaelekea wapi: lile la magharibi hupokea jua la alasiri, lililo kali kuliko yote. Ghorofa ya mwisho, iliyo chini ya paa, huhifadhi joto hadi usiku wa manane. Njia bora kuliko hesabu zetu zote ni kumwomba mpangaji anayehama, au jirani wa ghorofa hiyohiyo, akuonyeshe bili yake ya Agosti.

Ndani ya nyumba, DEWA yenyewe hushauri kiyoyozi kiwekwe nyuzi 24. Kukiweka 16 hakukifanyi kipoze upesi. Hukifanya kisipumzike tu. Chujio lioshwe kila mwezi, pazia zito lishushwe kabla jua halijafika dirishani, na biriani ipikwe asubuhi, kwani joto la sufuria nalo hutolewa kwa umeme. Kuna hila moja ya wenyeji tunayoipenda: kiangazi, tangi la juu ya paa hutoa maji ya kuunguza hata bomba la baridi. Zima hita, na maji yaliyokaa ndani ya tangi lake bafuni, penye kivuli, ndiyo yatakayokuwa ya uvuguvugu wa kuogea. Hita imegeuka kuwa mtungi.

Kiyoyozi kikiharibika, Sheria Nambari 26 ya mwaka 2007 humweka mwenye nyumba kuwa mwenye jukumu la matengenezo, ila kama pande mbili zimekubaliana vingine. Na mikataba mingi humtwika mpangaji matengenezo madogo, hadi dirhamu 500 kwa mfano. Kiyoyozi kijaribiwe siku ya kukabidhiwa ufunguo, kikiwaka kwa nusu saa kamili mbele ya dalali. Tenga pia amana: DEWA huchukua dirhamu 2,000 kwa nyumba ya ghorofani na 4,000 kwa nyumba ya peke yake, na kampuni ya mtambo huwa na amana yake. Amana hizi hurudishwa ukifunga akaunti na kumaliza bili ya mwisho, kwa hiyo risiti zihifadhiwe, na nakala yake itumwe nyumbani.