Kuteua Wachezaji wa Zamani: Kanuni za Mchezo wa Timu za Kubuni katika Mazingira ya Lubumbashi

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuweka kanuni za mchezo ambao washiriki wake huteua kwa zamu wachezaji wa nyakati mbalimbali, na kuunda timu ambazo hazikupata kuwapo uwanjani. Mchezo wenyewe ni wa kujifurahisha, na huenda msomaji akajiuliza una nafasi gani katika jarida la taaluma za Kiswahili. Jibu litajitokeza kadiri tunavyoendelea. Kwa sasa yatosha kusema kwamba kila kanuni ya mchezo huu, ukiichunguza vizuri, ni kanuni ya ushahidi, na kwamba katika mji wa Lubumbashi sehemu kubwa ya ushahidi huo haijaandikwa. Umo katika mazungumzo ya Kiswahili.

Mchezo wa timu za kubuni ulipata umbo lake mashuhuri nchini Marekani. Mwaka 1980, mwandishi Daniel Okrent na wenzake wa New York walianzisha ligi yao wakaipa jina la mkahawa waliokuwa wakikutania, La Rôtisserie Française. Kila mmoja alipewa dola 260 za kununulia wachezaji 23 wa besiboli kwa njia ya mnada, na mshindi alijulikana kwa takwimu halisi za wachezaji hao katika msimu. Wako pia wanaoucheza kwa kuteua wachezaji wa kale, hata waliokwisha kufariki. Jambo hilo si gumu katika besiboli, maana ni mchezo wa mrushaji mmoja kumkabili mpigaji mmoja, na kila tendo huandikwa. Tangu mwaka 1969 kumekuwa na kitabu kikubwa kinachoorodhesha takwimu za wachezaji wote wa ligi kuu. Kijana wa leo hakumwona Babe Ruth, lakini anajua kwamba mwaka 1927 alipiga mipira 60 iliyomwezesha kuzunguka vituo vyote. Akibishana na mwenzake, hufungua kitabu.

Kandanda ya Lubumbashi haina kitabu cha namna hiyo. Ina historia ndefu na yenye fahari: klabu ya TP Mazembe, iliyoanzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenediktini, imetwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara tano (1967, 1968, 2009, 2010 na 2015), na FC Saint-Éloi Lupopo, hasimu wake mkuu, iliyoanzishwa mwaka huohuo, ina mashabiki wasiokubali hata kidogo kwamba mji ni wa Mazembe peke yake. Lakini ni nani aliyetoa pasi ya bao fulani mwaka 1968, au beki fulani alicheza michezo mingapi, hayo hujibiwa na wazee. Kwa hiyo aliyezoea kanuni za Kimarekani hawezi kuzihamishia hapa zilivyo. Hana budi kuanza na maswali yaliyo nyuma ya takwimu.

Swali la kwanza ni la jina. Mteuzi anapomtaja mchezaji, je, anamtaja nani? Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwataka raia waache majina ya ubatizo. Pierre Kalala, aliyefunga bao pekee dhidi ya Ghana katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya mwaka 1968 mjini Addis Ababa, ndiye Kalala Mukendi. Robert Kazadi ndiye Kazadi Mwamba. Zaidi ya hayo, magazeti ya kigeni yalipenda kugeuza mpangilio wa majina: Mwepu Ilunga huandikwa pia Ilunga Mwepu, na Bwanga Tshimen huandikwa Tshimen Bwanga. Hata klabu haikusalimika. Mazembe ilianza kwa jina la Saint-Georges, kisha ikaitwa Saint-Paul, na ilitwaa vikombe vyake viwili vya kwanza ikiitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi. Mji wenyewe ulikuwa Elisabethville hadi mwaka 1966. Bila daftari linaloweka majina yote ya mtu mmoja mahali pamoja, wateuzi wawili wanaweza kumchukua mtu mmoja bila kujua. Daftari hilo liandaliwe kabla ya uteuzi, wala si wakati ugomvi umekwisha kuzuka.

Swali la pili ni la wakati, na hapa ndipo haki ya mchezo inapopimwa. Wateuzi vijana wakiachwa huru, watajaza timu zao wachezaji waliowaona katika televisheni: Trésor Mputu, Robert Kidiaba na namna yake ya kushangilia kwa kurukaruka huku amekaa, Mzambia Rainford Kalaba, Mtanzania Mbwana Samatta. Hawatakuwa wamekosea kuhusu ubora wao. Timu iliyoifunga Internacional ya Brazili mabao 2-0 mwaka 2010 mjini Abu Dhabi, ikawa ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, haihitaji kutetewa. Lakini kikosi cha Englebert kilicheza fainali nne za Afrika mfululizo, kuanzia 1967 hadi 1970, na wachezaji wake wangebaki bila kuchaguliwa kwa sababu tu hakuna picha zao za kutosha.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza mafungu matatu ya nyakati, na kila timu ilazimike kuchukua angalau wachezaji watatu kutoka kila fungu. Mipaka ya mafungu haya isiwekwe kwa miongo, bali ifuate namna wenyeji wanavyogawa wakati wanaposimulia. Msimulizi wa Lubumbashi, ambaye kwake mpira ni «mupira», mara nyingi hataji mwaka. Husema «wakati ya Mobutu», na msikilizaji anaelewa. Basi fungu la kwanza na liishie 1971, nchi ilipopewa jina la Zaire. La pili liishie 1997, Mobutu alipoangushwa. Na la tatu lianzie hapo. Mwaka 1997 ndio pia Moïse Katumbi aliposhika uongozi wa Mazembe, hivyo mpaka huo unafaa mara mbili. Mchezaji aliyevuka mpaka ahesabiwe katika fungu moja tu, kwa hiari ya aliyemteua.

Je, anayeteuliwa ni mchezaji katika maisha yake yote ya uwanjani, au katika msimu mmoja? Katika besiboli njia zote mbili hutumika. Kwa Lubumbashi njia ya msimu mmoja ina mitego. Mputu alichaguliwa kuwa mchezaji bora kati ya wanaocheza ndani ya Afrika kwa mwaka 2009, lakini mwaka 2010 FIFA ilimfungia miezi 12, na hakuwamo Abu Dhabi. Anayemteua «Mputu wa 2010» kwa kuvutiwa na sifa za timu atakuwa amemchukua mtu aliyekuwa kifungoni. Na kwa wachezaji wa fungu la kwanza msimu mmoja mara nyingi haupatikani kwa ukamilifu. Maisha yote yanafaa zaidi.

Tukija kwenye ushahidi wenyewe, mfano wa mwaka 1974 unastahili kuangaliwa kwa makini. Katika Kombe la Dunia nchini Ujerumani Magharibi, Zaire ilifungwa na Yugoslavia mabao 9-0. Kazadi, mlinda lango wa Mazembe aliyekuwa mchezaji bora wa Kombe la Mataifa ya Afrika la 1968, hubebeshwa mabao yote tisa katika mazungumzo. Kumbe alitolewa baada ya bao la tatu, na nafasi yake ikachukuliwa na Tubilandu. Katika mchezo huohuo mwamuzi alimtoa Ndaye Mulamba kwa kosa ambalo lilikuwa la Mwepu. Siku chache baadaye, dhidi ya Brazili, Mwepu alitoka mbio katika ukuta na kuupiga mbali mpira wa adhabu ambao Wabrazili hawajaupiga. Tendo hilo la sekunde chache ndilo dunia inalomjulia, naye alikuwa beki wa timu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mwaka huohuo. Yaani hata jambo lililotazamwa na dunia nzima linaweza kupotoka katika kumbukumbu. Sembuse mchezo wa ligi ya mkoa usiokuwa na kamera?

Kanuni tunayoipendekeza ni hii: dai lolote la kumpandisha au kumshusha mchezaji liwe na mashahidi wawili ambao hawakusikia habari kwa mtu mmoja, na mmoja wao asiwe shabiki wa klabu ya mchezaji. Shabiki wa Lupopo anapomsifu beki wa Mazembe, maneno yake yana uzito. Ushuhuda uandikwe kama ulivyosemwa, kwa Kiswahili cha msemaji, pasipo kusanifishwa. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina uzoefu katika kazi ya namna hii, kwa kuwa mradi wa Mémoires de Lubumbashi ulikusanya kumbukumbu za wakazi wa mji kwa mtindo unaofanana na huo. Hakuna sababu ya kandanda kuachwa nje.

Zamu za uteuzi si jambo la kutuchelewesha. Wateuzi wakiwa wanne, mzunguko wa kwanza uende 1, 2, 3, 4 na wa pili urudi 4, 3, 2, 1, ili aliyeanza asifaidike kila mara. Linalohitaji kuangaliwa ni uhaba. Walinda lango ambao karibu kila mtu mjini anawajua ni wawili, Kazadi na Kidiaba, ilhali timu ni nne. Wataondoka mapema kuliko washambuliaji wengi waliowazidi umaarufu, na wateuzi wawili watakaowakosa watalazimika kwenda kuuliza wazee habari za makipa wasiojulikana, wa Lupopo hasa. Binafsi naona hiyo ndiyo faida kubwa ya mchezo.

Utata ukibaki baada ya mashahidi kusikilizwa, mchezaji anayegombaniwa arudishwe katika daftari na mteuzi achague mwingine ndani ya dakika tano. Akipata shahidi mwingine baadaye, anaweza kumdai mchezaji wake katika mzunguko unaofuata, mradi hajachukuliwa.