Lenzi ya marehemu: jina la mfanyabiashara, kazi ya fundi na haki ya warithi

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti, Mapinga



Tunapogawa mirathi, aghalabu macho yetu huelekea kwenye shamba, nyumba na mifugo. Vitu vidogo vya kabatini hupewa bei kwa kukisia tu, na huko ndiko haki ya mjane na ya binti inakopotea, pengine bila ya mtu yeyote kunuia dhulma.

Usiku mmoja, baada ya sala ya Isha, familia moja ya hapa Mapinga ilitujia na mfuko wa ngozi. Ndani yake mlikuwa na lenzi ya kamera ya zamani, ile ambayo mpigaji huizungusha kwa mkono mpaka picha itulie. Marehemu alikuwa mpiga picha wa harusi na maulidi. Ameacha mjane, vijana wawili wa kiume na binti mmoja. Wazazi wake walikwishatangulia mbele ya haki. Mnunuzi mmoja alikwishaiona lenzi hiyo na kutaja shilingi 20,000. Hoja yake ilikuwa kwamba jina la Vivitar lililoandikwa juu yake si la kiwanda chochote cha lenzi, kwa hiyo ni bandia. Vijana waliridhika. Binti hakuridhika.

"Ustadhi," alisema, "baba alinifundisha kazi kwa lenzi hii. Ikiwa ni bandia, mbona picha zake watu wamezitundika ukutani mpaka leo?"

Swali hilo lilistahiki jibu la elimu, si la kukisia. Tukaipeleka kwa fundi wa kamera mjini.

Fundi alieleza kwamba mnunuzi amesema nusu ya kweli. Vivitar lilikuwa jina la kibiashara la kampuni ya Ponder & Best, iliyoanzishwa mwaka 1938 huko California, Marekani. Kampuni hiyo haikuwa na kiwanda chake cha lenzi. Iliagiza kwa watengenezaji mbalimbali, wengi wao wa Japani, kisha ikauza kwa jina lake. Kutokuwa na kiwanda si sawa na kuuza bandia.

Sisi watu wa pwani tusingepaswa kulistaajabia jambo hili. Mama zetu wamevaa kanga zenye alama ya K.H.E., Mali ya Abdulla. Hiyo ni alama ya nyumba ya biashara ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, ilhali kwa miaka mingi kanga za pwani zilichapwa ng'ambo, India na kwingineko. Hakuna aliyeziita kanga hizo bandia. Jina pindoni lilikuwa dhamana ya mfanyabiashara. Rangi na uzi ulikuwa mkono wa kiwanda.

Basi mkono wa kiwanda hutambulikaje kwenye lenzi? Fundi alituonyesha namba ndefu iliyochongwa kwenye duara la mbele. Katika lenzi nyingi za Vivitar za miaka ya 1970 na 1980, tarakimu mbili za mwanzo humtaja mtengenezaji: 22 ni Kino, 28 ni Komine, 37 ni Tokina. Tarakimu ya tatu ni mwaka, na mbili zinazofuata ni wiki. Namba inayoanza na 28513, kwa mfano, huonyesha Komine, wiki ya 13 ya mwaka unaoishia na 5. Kama ni 1975 au 1985, umbo la lenzi ndilo huamua.

Namba peke yake haitoshi, kwani kanuni hii ni ya Vivitar na majina mengine yana kanuni zao. Hivyo fundi hupima pia upana wa hesi ya mbele. Lenzi maarufu ya Series 1 ya milimita 70 hadi 210 ilitengenezwa kwa awamu na Kino, kisha Tokina, kisha Komine. Ya Kino ina hesi ya milimita 67, ya Tokina 62. Jina ni moja, mikono mbalimbali.

Lenzi ya marehemu ilianza na 28. Ni kazi ya Komine, kiwanda chenye sifa njema kwa wanaoijua kazi hii. Binti akatabasamu. Hata hivyo fundi alizima taa, akamulika tochi nyuma ya kioo. Ndani palionekana nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui: kuvu, maradhi ya lenzi katika hewa yetu ya bahari. Kwa sababu hiyo akaikadiria shilingi 80,000. Ingekuwa safi ingezidi.

Hapo tukakumbuka kisa cha Mtume (S.A.W.) aliyepita sokoni, akatia mkono katika rundo la nafaka na kukuta unyevu chini. Alimkemea muuzaji kwa kuuficha, na akatangaza kujitenga na mdanganyifu. Kwa hiyo anayeuza lenzi hii ni wajibu aiseme kuvu yake, na anayenunua hana ruhusa ya kuwaambia warithi uongo ili apunguze bei.

Madeni ya marehemu yalikwishalipwa, na hakuacha wasia. Kwa shilingi 80,000, mjane ana thumni, yaani 10,000. Zilizobaki 70,000 hugawanywa mafungu matano: kila kijana 28,000, binti 14,000. Kwa bei ya mnunuzi, mjane angepata 2,500 tu. Binti aliomba kuichukua lenzi na kuwalipa wenziwe 66,000. Wote ni watu wazima, wote wakaridhia, tukaandika mbele ya mashahidi. Lau angekuwemo mtoto mdogo, mlezi asingekuwa na haki ya kusamehe hata senti ya fungu lake.

Enyi wasimamizi wa mirathi, kabla ya kutaja bei ya kitu msichokijua, kipelekeni kwa anayekijua, na asiwe yule anayetaka kukinunua.