Je, Wajua? Mpira wa tenisi huujua mwinuko

Mji wa Morogoro, chini ya Milima ya Uluguru, uko takriban mita 500 kutoka usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,700. Hewa ya Nairobi ni nyepesi zaidi, hivyo mpira hukata upepo kwa kasi na kudunda juu. Ndiyo maana Shirikisho la Kimataifa la Tenisi lina aina maalumu ya mipira kwa viwanja vilivyo juu ya mita 1,219. Ungejengwa uwanja Kimhandu, kilele cha Uluguru kinachopita mita 2,600, mpira wa kawaida ungewatoroka wachezaji kila mara.

Nairobi ndiko alikokulia Angella Okutoyi, aliyezaliwa mwaka 2004 na kulelewa na bibi yake. Kutoka huko hadi nyasi za Wimbledon, jijini London, ambako mpira hudunda chini na kuteleza, ni kujifunza mchezo upya. Mwaka 2022 alifika. Yeye na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi walitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili kwa 3-6, 6-4, 11-9, naye akawa Mkenya wa kwanza kushinda taji la Grand Slam la vijana.

Na wapinzani wao hawakuwa wanyonge! Mmoja wao, Victoria Mboko wa Kanada, mwenye wazazi kutoka Kongo, alitwaa Canadian Open ya wakubwa mwaka 2025. Okutoyi alikuwa amekwisha kuiletea Kenya dhahabu ya Michezo ya Afrika, Accra, Machi 2024.